Mimi ndiye jino lililong'oka

Ndugu Mhariri,

Assalaam alaykum. Nakuandikia nikiwa hai. Nimelitanguliza hilo kwa sababu kwa hesabu za ukurasa wenu wa ndoto, wakati huu nilitakiwa niwe nimeshasomewa talakini kaburini.

Habari yenyewe ni hii. Binti wa marehemu dada yangu, mwenye mimba ya miezi minane, aliota anatia udhu, akasukutua, na jino la taya la chini likamtoka pamoja na maji. Hakuona damu wala hakusikia maumivu. Alilitazama tu linazunguka kwenye beseni. Kulipokucha akafungua ukurasa wenu, akatafuta neno "jino", akasoma kwamba jino la chini kung'oka ni msiba wa mwanamke wa upande wa mama. Basi upande wa mama yake amebaki mwanamke mmoja tu. Bibi yake alitangulia, mama yake akamfuata. Aliyebaki ni mimi. Kwa hiyo, Mhariri, jino ndiyo mimi.

Sikuambiwa. Nilichokiona ni simu. Kila siku baada ya alfajiri, hata msala sijaukunja, simu inalia. "Shikamoo mama mdogo." "Marahaba mwanangu, kuna nini?" "Hakuna kitu, nakusalimia tu." Siku ya kwanza nilifurahi. Siku ya tatu nikaanza kushangaa, maana mtoto huyu nimemlea mimi tangu mama yake afariki, na sijapata kumwona anaamka mapema kwa hiari yake. Siku ya sita alipiga niko bafuni. Kutoka, nimekuta amepiga mara tisa na jirani yangu anagonga mlango kwa ngumi. Kapigiwa na yeye, kaombwa aje aniangalie kama napumua. Siku ya kumi na moja nikafunga safari nikamwendea. Nikamkuta macho mekundu, uso umesinyaa, na katikati ya mazungumzo ulimi wake unatembea mdomoni unahesabu meno. Nikamuuliza mara mbili. Mara ya tatu akalia, akasema.

Nimesomesha madrasa, wanawake na watoto, kwa miaka thelathini na minne. Si mwanachuoni, wala sijidai. Lakini mlango wa ndoto niliusoma kwa mwalimu, nimekaa chini, kitabu mapajani, na juu ya ukurasa wenu mmeandika kwamba ndoto hizo zinafasiriwa "kwa mujibu wa Uislamu". Mngeandika kuwa ni burudani, kama zile nyota zenu za ukurasa wa nyuma, ningewaachieni.

Mtume (S.A.W.) amezigawa ndoto mafungu matatu: njozi njema, nayo ni bishara itokayo kwa Allah, ndoto ya kuhuzunisha, nayo yatoka kwa Shetani, na ile ambayo mtu anajizungumzia mwenyewe nafsini mwake. Hili la tatu watu hulipita haraka, na mimi naona ndilo linalotujaza usingizi zaidi kuliko yote. Mwanamke aliyemzika mama yake, ambaye mwezi ujao anakwenda kuzaa bila mama, akiota kitu kinamtoka mwilini kinaanguka majini, tunahitaji kitabu gani kumwelewa?

Na ikiwa mtu ameota linalomtisha, mafundisho yapo, tena mepesi. Ateme mate kidogo upande wa kushoto mara tatu, ajikinge kwa Allah na Shetani mara tatu, ageuze ubavu, au ainuke aswali, na asimsimulie mtu. Haitamdhuru. Hiyo ndiyo dawa yote. Abu Salama, katika matabiina, yaani kizazi kilichofuata masahaba, anasimulia kwamba alikuwa akiota ndoto zikimuuguza, mpaka akamsikia sahaba Abu Qatada akisema kwamba na yeye zilikuwa zikimuuguza, mpaka alipoyasikia maneno hayo kwa Mtume. Wanaume wawili wazima, mmoja sahaba, na ndoto zinawalaza kitandani. Naipenda riwaya hii kwa sababu hakuna anayemcheka mwenzake.

Aliyechekewa ni mwingine. Bedui mmoja alimjia Mtume akamwambia ameota kichwa chake kimekatwa, kinabingirika, na yeye anakikimbiza nyuma. Mtume akacheka, akamwambia asiwasimulie watu namna Shetani anavyomchezea usingizini. Basi. Hakumfasiria. Kichwa kukatwa, Mhariri! Ukurasa wenu ungempa safu nzima, na huenda picha juu. Ukweli ni kwamba ndoto ya mwanangu haikupasa kufika kwenu hata kidogo, na ninyi kila wiki mnaandika kwa herufi nene: "Tutumie ndoto inayokutisha."

Sasa nimtendee haki ustadhi wenu anayefasiri ndoto ukurasani, kwa sababu hakulizua hilo jambo la jino. Vitabuni limo. Wafasiri wa ndoto wamesema meno ni watu wa nyumba, ya juu wanaume na ya chini wanawake. Ila wafasiri hao hao wamesema pia kwamba meno kudondoka huenda ikawa ni kulipa deni, na huenda ikawa ni umri mrefu, kwamba mtu ataishi mpaka awazike wenzake wa rika lake. Ustadhi amechukua moja, la msiba, mengine akayaacha humo humo kitabuni. Na kipo kisa kinachosimuliwa sana, cha khalifa aliyeota meno yake yote yametoka. Mfasiri wa kwanza akamwambia: jamaa zako wote watakufa mbele ya macho yako, akaadhibiwa. Akaletwa wa pili, akasema: wewe utakuwa mwenye umri mrefu kuliko jamaa zako wote, akatunukiwa. Siapi kuwa kilitokea kweli. Lakini wazee wetu hawakukihifadhi bure, na ustadhi wenu bila shaka anakijua, kwa kuwa kila afunguaye mlango huu hukutana nacho siku ya kwanza.

Kisha mnamtaja Ibn Sirin chini ya kila ndoto, kama vile mlimpigia simu. Muhammad bin Sirin alikuwa mtu wa Basra, baba yake aliachwa huru na Anas bin Malik, na yeye mwenyewe alikuwa mfanyabiashara wa nguo, mcha Mungu, akafariki mwaka 110 Hijria, sawa na 729 Miladia. Kile kitabu kinene cha ndoto kinachouzwa kwa jina lake hakukiandika yeye. Kilikusanywa karne nyingi baadaye, na humo mna maneno ya watu waliozaliwa yeye keshakufa. Jina lake limegeuzwa muhuri. Mtu mzima akisema "Ibn Sirin kasema", sisi wa madrasa tunauliza: kasema kwa mapokezi ya nani?

Yapo yaliyopokewa kwake, na moja katika hayo linaubomoa ukurasa wenu. Walimjia watu wawili, kila mmoja kwa wakati wake, ndoto yao moja: ameota anaadhini. Wa kwanza Ibn Sirin akamwambia, utakwenda kuhiji. Wa pili akamwambia, wewe utakatwa mkono kwa wizi. Waliokuwa naye wakastaajabu. Akasema: yule wa kwanza niliona uso wa kheri, nikaikumbuka kauli ya Allah ya kumwamuru Ibrahim awatangazie watu hija, na huyu sikumridhia hali yake, nikaikumbuka ile ya Sura Yusuf, mnadi aliponadi, "Enyi wasafiri, hakika nyinyi ni wezi." Neno ni lile lile, adhana. Aya mbili. Nyuso mbili. Sasa ustadhi wenu, aliyepata mistari minne kwa simu kutoka kwa mtu asiyemjua jina, uso kauona wapi?

Marehemu mwalimu wangu alikuwa hafasiri ila kwa nadra. Mtu akija na ndoto, kabla hajaanza kusimulia, mwalimu husema: "Kheri tuipate, shari tuepushwe." Kisha humsikiliza mpaka mwisho, amefumba macho, na akimaliza huanza maswali. Ulilala saa ngapi? Kuna mtu umegombana naye? Una deni? Una mgonjwa? Mara nyingi mwenye ndoto hujibu maswali matatu, manne, kisha hunyamaza, huaga na kwenda kulilipa deni au kupatana na mwenziwe, na ndoto yenyewe haikuguswa. Siku moja nilimuuliza kwa nini hatufundishi sisi kufasiri. Akanijibu kwa kauli ya Imam Malik, ambaye aliulizwa kama kila mtu aweza kufasiri ndoto, akasema: "Je, Unabii unachezewa?" Nilikuwa msichana, nikaona amenibana tu. Siku hizi naelewa, kwa sababu njozi njema imetajwa katika hadithi kuwa ni sehemu moja katika sehemu arubaini na sita za Unabii. Baadhi ya wanazuoni wakapiga hesabu: miaka ishirini na tatu ya Utume, na ndani yake miezi sita ya mwanzo ambayo wahyi ulikuja kwa njozi za kweli, kila njozi ikidhihiri kama mpambazuko wa asubuhi, kama alivyosema Bibi Aisha. Nusu mwaka katika miaka ishirini na tatu, gawanyeni mtaona.

Kwa hiyo asije mtu akadhani mimi ni katika wale wanaosema ndoto zote ni za Alinacha. Adhana tunayoisikia mara tano kwa siku ilioteshwa sahaba Abdullah bin Zayd, akaenda kumsimulia Mtume, akaamrishwa amfundishe Bilal kwa kuwa sauti ya Bilal ni nzuri zaidi. Lakini angalieni ilivyopita: ilioteshwa, ikapelekwa, ikathibitishwa na Mtume. Leo nani wa kuthibitisha? Imam Nawawi amesema kwamba ikiwa ni usiku wa thelathini ya Shaabani, mwezi haukuonekana, kisha mtu akamwota Mtume anamwambia kesho ni Ramadhani, haifai kufunga kwa ndoto hiyo, kwa kuwa aliyelala hana udhibiti wa alichokisikia. Kama ndoto haiwezi kutupa hata siku moja ya saumu, itawezaje kunipa mimi tarehe ya kufa?

Nirudi kwa mwanangu. Nilipomsikiliza nilitaka kumchekesha. Nikafungua kinywa nikamwonyesha: "Gego hili na hili yaling'olewa hospitali, moja mwaka ule, jingine mwaka jana. Walikufa akina nani?" Hakucheka. Akaniambia: "Mama mdogo, nimesoma ndoto iko mguuni mwa ndege, ikishafasiriwa inaanguka. Na hii imeshafasiriwa." Nikanyamaza, maana hadithi hiyo ipo, na ninyi mmeinukuu chini ya ukurasa wenu kama tangazo. Mtu akiisoma peke yake, usiku, ana mimba, kwake imekuwa hukumu.

Nikamsomea kilichoachwa. Bukhari, katika kitabu chake cha hadithi, ameweka mlango mzima juu ya asiyeona kwamba ndoto hufuata mfasiri wa kwanza iwapo hakupatia. Na chini ya mlango huo akaweka habari ya Abu Bakr. Mtu alimsimulia Mtume ndoto: wingu linadondosha samli na asali, watu wanakinga kwa viganja, na kamba imefika kutoka mbinguni hadi ardhini. Abu Bakr akaomba afasiri yeye, akafasiri vizuri: wingu ni Uislamu, asali na samli ni Qur'ani na utamu wake, akaendelea hadi mwisho. Kisha akauliza, nimepatia au nimekosea? Mtume akamwambia: "Baadhi umepatia na baadhi umekosea." Abu Bakr akaapa kwamba lazima aambiwe alipokosea. Akajibiwa: "Usiape." Na hakuambiwa. Nimeusoma ukurasa wenu kwa miaka mitatu, Mhariri, na sijakuta hata wiki moja ustadhi akisema "labda", achilia mbali "nilikosea".

Kisha nikampa habari ya yule mwanamke wa Madina, imo katika kitabu cha hadithi, Sunan ya Darimi. Mumewe mfanyabiashara, yuko safarini, na yeye ni mja mzito. Akaota nguzo ya nyumba yake imevunjika na amezaa mtoto mwenye chongo. Mtume akamfasiria: mumeo atarudi salama, na utazaa mtoto mwema. Ikawa hivyo. Ndoto ikamrudia, akaja tena siku ambayo Mtume hayupo, Bibi Aisha akamwomba amsimulie, kisha Aisha akafasiri kwa dhahiri yake: mumeo atakufa, na utazaa mtoto mwovu. Mwanamke akakaa chini analia. Mtume akaingia, akauliza kulikoni, akamkanya Aisha: mkimfasiria Mwislamu ndoto, mfasirieni kwa kheri. Binti yangu akauliza, "Naye alikuwa na mimba?" Nikamwambia ndiyo, kama wewe. Akaniambia nirudie. Nikarudia mara tatu, na mara ya tatu alikuwa amelala, kichwa mapajani mwangu, saa tano ya asubuhi. Mguu wangu ukafa ganzi, lakini nani angemwamsha? Alilala mpaka adhuhuri.

Nina mengine yanayonikera, nitayataja mbio. Mnawaambia wasichana kwamba baada ya swala ya istikhara, ya kumwomba Allah uchaguzi wa kheri, wasubiri ndoto, wakiota rangi nyeupe wakubali mchumba, wakiota nyeusi wakatae. Hadithi ya sahaba Jabir ya istikhara haina neno ndoto ndani yake; mtu huswali rakaa mbili, huomba dua, kisha huendelea na jambo lake, na Allah humfanyia wepesi au humwepusha. Na mwezi uliopita mlichapisha ule wosia wa "Sheikh Ahmad, mtunza kaburi la Mtume", eti ameoteshwa, na asiyeusambaza atapata balaa. Wosia huo niliunakili kwa mkono nikiwa na miaka tisa, nakala nyingi, kwa woga, mpaka kidole kikaota sugu. Baadaye nikajua Sheikh Ibn Baz, mwanachuoni wa Saudia, aliuandikia waraka wa kuukanusha, na kwamba ulikuwa ukizunguka tangu zamani, kila kizazi na mtunza kaburi wake asiyezeeka. Sasa upo kwenye simu. Kidole hakioti sugu tena, maendeleo hayo.

Ninachokiomba si kufunga ukurasa. Watu wataota na watauliza, na ni afadhali waulize mahali penye majibu kuliko kwa wapiga ramli. Naomba ndoto za kutisha mzirudishe kwa wenyewe bila kuzichapisha, na badala ya tafsiri muwaandikie yale ya kutema mate kushoto na kugeuza ubavu. Naomba pia ustadhi wenu ajifunze kwa wale wakuu wa baraza la mfalme wa Misri. Zamani nilikuwa nawadharau nikisomesha Sura Yusuf. Mfalme kaota ng'ombe saba wanono wanaliwa na saba waliokonda, na wao wanasema hizi ni ndoto zilizoparaganyika, wala sisi si wajuzi wa kufasiri. Siku hizi nawaheshimu. Mbele ya mfalme, na kazi zao mkononi mwake, walithubutu kusema hawajui, na kwa kuwa walisema hivyo ndipo yule aliyesahaulika gerezani akakumbukwa. Na Yusuf mwenyewe, Nabii, alipokwisha kuwafasiria wafungwa wawili, Qur'ani inasema alizungumza na yule ambaye "alidhani" kuwa ataokoka. Wapo wafasiri wa Qur'ani waliosema dhana hapo ni yakini. Wapo waliosema hapana, ni dhana kweli, kwa sababu kufasiri ndoto ni kudhani. Mwalimu wangu alikuwa na hawa wa pili.

Nakiri kitu kimoja. Nilipokuwa na hasira nilitaka kuwatumieni ndoto ya kubuni, mara mbili, kwa majina mawili, nione kama majibu yatalingana. Nilikwisha kuiandika: ngazi, paka, na ufunguo uliovunjika. Kidole kikiwa juu ya kitufe nikakumbuka kwamba anayedai ameota ambacho hakukiota atatakiwa Siku ya Kiyama afunge fundo punje mbili za shayiri, na hataweza. Nikaifuta. Kwa hiyo hamkupimwa.

Na juzi usiku mimi pia nimeota. Ndoto ya kweli, nzuri, marehemu dada yangu yumo. Ningeweza kuwasimulia, nafasi ya ukurasa ipo. Lakini ndoto njema tumefundishwa tumsimulie anayetupenda, na huyo nilimpigia mimi, baada ya alfajiri, kabla sijaukunja msala.

Ni mimi msomaji wenu,
Mama Mdogo, mwalimu wa madrasa